Kasoro Kumi na Moja za Kobe

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote na kofia zikiwa mikononi, kwamba Bwana Kasoro, mkaguzi wa magari mstaafu, mtu aliyewarudisha nyumbani kwa miguu madereva wengi kuliko ukosefu wa mafuta, ameharibu gari kwa makusudi. Ameliharibu akiwa na akili timamu, mchana kweupe, kwa mikono yake miwili na seti kamili ya spana. Waliokuwa wakimwogopa wanaweza sasa kukaa chini. Waliokuwa wakimchukia wavute subira, maana habari yenyewe ina kona kadhaa.

Jina la Kasoro alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye uwanja wa ukaguzi na kalamu nyekundu nyuma ya sikio, akiinama chini ya magari ya watu, akigonga hapa, akitikisa pale, kisha anainuka na kutamka maneno mawili tu: "Tengeneza, urudi." Hakuwa mtu wa kushikwa mkono pembeni. Ukimchekea anaongeza kasoro. Ukimlilia anaandika pole pole ili asikosee tahajia. Siku ya harusi yake mwenyewe alilizunguka gari lililomleta bibi harusi, akakuta tairi moja limekwisha meno, na shela ikabaki inasubiri kwenye jua mpaka tairi la akiba lilipofungwa. Mkewe huisimulia habari hiyo mpaka leo bila kucheka, na hapo ndipo inapovunja watu mbavu.

Alipostaafu tulidhani atapumzika. Akaanza kukagua viti vya kinyozi.

"Hiki kinacheza," alimwambia kinyozi wa hapo mkabala na kwake, siku ya kwanza tu ya ustaafu.

"Kaka, wewe kaa tu, kichwa kitulie. Kiti niachie mimi."

"Mguu wa nyuma. Skrubu mbili. Tengeneza."

"Halafu nirudi wapi, na duka ni langu?"

Lakini skrubu alizitia, kinyozi yule. Bwana Kasoro ana jicho ambalo likikutazama unahisi hata viungo vyako mwenyewe vimelegea.

Jumatatu iliyofuata akafungua banda la nyuma ya nyumba, akavuta turubai, na chini yake alikuwapo Kobe.

Kobe ni gari dogo la rangi ya krimu, mgongo umevimba, taa za mbele zimetokeza kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Lilikuwa la baba yake, marehemu fundi saa. Mzee yule alikuwa kichekesho cha aina yake: saa za mji mzima zilikwenda sawasawa kwa sababu yake, ila gari lake lilikuwa kelele tupu. Wakubwa kidogo mtaani tunalikumbuka. Saa kumi na moja jioni, pale kwenye kona ya tangi la maji, mzee alipoingiza gia ya pili, gia ililia kama mtoto anayevuliwa shati linalobana. Kisha bomba la moshi, lililofungwa kwa waya, liligonga mfuniko wa mtaro: kang'! Honi ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Na mzee akishazima gari langoni, akitoa ufunguo na kuutia mfukoni, injini haikukubali. Ilikuwa inaendelea kukohoa yenyewe, kuh, kuh, kuh, mara tatu, ndipo inatulia. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu pamoja nayo kwa sauti, na aliyehesabu vibaya alipigwa kofi la kisogoni.

Miaka ishirini na sita iliyopita mzee alilipeleka Kobe kwenye ukaguzi. Alipanga foleni kama watu wengine, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote. Zamu ilikuwa ya mwanawe.

"Gari lina umri gani?" aliuliza Bwana Kasoro, kalamu mkononi.

"Unaujua, mwanangu. Ulitapikia kiti cha nyuma likiwa jipya."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Aliinama, akagonga, akatikisa, akaandika kasoro kumi na moja kwenye fomu, akaitia sahihi na kumkabidhi baba yake mzazi. "Tengeneza, urudi."

Mzee aliisoma fomu yote, mpaka chini. Akasema, "Ahsante, mkaguzi." Akarudi nyumbani kwa mwendo wa jina la gari lake, akaliingiza bandani, akalifunika turubai. Hakulitengeneza na hakurudi. Tangu siku hiyo alichapa lapa kwenda dukani kwake na kurudi, kila siku ya Mungu, miaka tisa mpaka alipofariki. Na katika kutembea kwake alikuwa na kituko kimoja: jioni, akifika kona ya tangi, anatoa mfukoni funguo za lile gari lililolala nyumbani na kuzichezesha mkononi, cheng'e, cheng'e, cheng'e, mpaka langoni. Tulimcheka. Tulisema mzee bado anaringa na gari lililofeli.

Bwana Kasoro hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Wala mama yake. Mama sasa ana miaka themanini na sita, na hajaona kitu kwa miaka kumi na mitano. Nyumba anaijua kwa vidole na majirani anawajua kwa nyayo. Moyo wake umeanza kuchoka, na binti yake, ambaye ni muuguzi na anaishi upande wa pili wa mji, anataka mama ahamie kwake, awe karibu na dawa na mtu wa kumpima. Ndugu walikaa kikao. Mama aliwasikiliza wote mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Nitahama," akasema. "Lakini sitaki kubebwa kwenye gari la kukodi kama gunia. Niliingia nyumba hii na Kobe, nitatoka na Kobe. Siku atakayokuja kunichukua, nitapanda. Kabla ya hapo msinisumbue."

Basi hapo ndipo jambo lilipokaa. Moyo wa mama ulikuwa unategemea gari lililolala miaka ishirini na tano na ushee, na mtu wa kuliamsha alikuwa yule yule aliyelilaza.

Alifanya kazi miezi kumi na minne. Kwenye banda lile kila spana ina msumari wake ukutani, na nyuma yake umbo lake limechorwa kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ijulikane. Benchi ni meza ya kulia ya zamani. Bado ina alama ya duara ya sufuria ya moto iliyomletea mkewe ugomvi wa wiki nzima enzi hizo. Alishusha injini kwa mnyororo, akaifungua mpaka pistoni, akapanga vipande kwenye gazeti kwa mpangilio wa kutolewa. Alipiga msasa kutu mpaka kope zikawa nyekundu. Alikata sakafu iliyooza akalehemu bati jipya.

Na kila alipofungua mahali, palitoka kitu. Chini ya kiti cha dereva aliokota mshale wa saa, mwembamba kama unywele. Kwenye kisanduku cha majivu ya sigara, skrubu ndogo ndogo za saa, maana mzee hakuvuta sigara. Nyuma ya kiti cha abiria, kipini cha nywele na tiketi mbili za sinema zilizogandana. Siku ya tiketi hakuna kazi iliyoendelea. Kinyozi alipochungulia bandani alimkuta amejilaza kiti cha nyuma, mtu mzima mwenye mvi, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni, anatazama juu kupitia dirisha.

"Mkaguzi! Umeanguka?"

"Nilikuwa nalala hivi tukitoka safari. Waya za umeme zinapanda zinashuka."

"Sasa gari halitembei, waya zimepandaje?"

"Ndiyo naangalia."

Kinyozi alikwenda kulisimulia dukani, akatia na chumvi kidogo, lakini hakuwa na uso wa mzaha alipofika mwisho.

Dada mtu alipiga simu kila Jumapili. "Kaka, gari limefika wapi? Mama juzi alikosa pumzi akienda bafuni tu." Naye anajibu, "Gasketi." Jumapili nyingine, "Rangi." Mkewe, kwa upande wake, alisema ameolewa mara mbili, mara ya kwanza na fomu, mara ya pili na grisi.

Hatimaye ikafika Jumamosi. Saa kumi na moja kasoro mtaa mzima ulikuwa nje. Mama alikaa dirishani amevaa gauni lake la heshima, kiatu kimefungwa, mkoba mapajani, mkono mmoja umeshika kizingiti. Kila kitu chake kilikuwa kwenye sanduku moja karibu na mlango. Bwana Kasoro alikuwa amelitoa gari kwa njia ya nyuma ili aje kwa kona ya tangi, kama zamani.

Akaja. Lo! Gari lilikuwa kama limetoka dukani asubuhi ile. Gia ya pili iliingia kimya. Lilipita juu ya mfuniko wa mtaro bila neno. Likasimama langoni barabara, sentimita haikuzidi, na lilipozimwa likazimika papo hapo. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mama alikuwa bado amekaa, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Mama," aliita Bwana Kasoro kutoka langoni, uso unang'aa. "Tumefika."

"Nani amefika?"

"Kobe, mama. Njoo."

Mama akainuka. Akatoka mlangoni bila fimbo, akashika nguzo ya lango, akaipita, akahesabu hatua nne, akanyoosha mkono wa kulia kwa uhakika wa mtu anayeshika kitasa cha chumba chake. Mkono ukashika hewa. Akasogea nyuma, akapapasa, akakuta boneti. Akaipigapiga kwa adabu, kama unavyompigapiga mtoto wa watu.

"Gari zuri," akasema. "La nani?"

"La baba, mama."

"La baba yako nalijua." Akageuka, akaingia ndani, akavua viatu.

Makofi yalitukauka mikononi. Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alikwenda kufagia duka lililokwisha kufagiwa.

Kesho yake asubuhi Bwana Kasoro alimkuta mama jikoni anachambua maharage kwa vidole, mabovu anatupa kwenye kopo bila kukosea hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hukulala."

"Nimekosea wapi? Kila kitu ni kipya. Hakuna kasoro hata moja."

"Ndiyo maana." Akaendelea kuchambua. "Mwanangu, baba yako alitengeneza saa zenye meno usiyoweza kuyaona kwa macho yako hayo mazima. Angeshindwa kukaza bomba la moshi?"

Bwana Kasoro akaokota haragwe lililodondoka.

"Macho yangu yalianza kuondoka kabla hujamwandikia ile fomu. Hatukuwaambia, mlikuwa na mambo yenu. Nikimwona mtu langoni, naona koti tu, sijui ni yeye au mgeni. Siku moja bomba likalegea. Nikamwambia, usiliguse, nimekusikia tangu kwenye tangi, nimeshamimina chai. Basi tangu hapo kila kilicholegea alikiacha. Breki zilikuwa dhaifu, anapita lango hatua nne. Nikajua mlango wangu uko hatua nne. Akizima, likikohoa mara ya tatu, najua ameshatoa ufunguo."

"Kwa nini hakuniambia? Ningeli..."

"Ungelifanya nini? Ungelipitisha?" Mama akacheka kidogo. "Alisema umefanya kazi yako vizuri, hukuacha hata moja. Alifurahi, usifikiri. Ila angetengeneza nisingemsikia, na kuendesha bila cheti chako hakutaka, asije akakuaibisha. Akasema, basi nitakuja na funguo."

Cheng'e, cheng'e, cheng'e. Bwana Kasoro alikaa chini, kwenye gunia la mkaa, na suruali safi.

Mama akamtuma kabati la chumbani, kopo la biskuti, chini ya vitambulisho. Fomu ilikuwa humo, imekunjwa mara nne. Kasoro kumi na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino mwekundu, kila moja na mahali ilipo. Mafundi wote wa magari ya zamani duniani wanatafuta kitabu cha kuwaonyesha gari lilivyokuwa. Yeye alikuwa ameshakiandika.

Mkewe alipomkuta bandani anakunja kishikio kipya cha bomba la moshi kwa nyundo, alishika kiuno.

"Miezi kumi na minne nalala na mtu anayenuka petroli. Limekwisha. Sasa unalibomoa?"

"Silibomoi. Nalirudisha."

"Hivi wewe, ukikosa gari la mtu la kukosoa, unajikosoa mwenyewe?"

Akamwonyesha fomu. Mkewe aliisoma mpaka namba kumi na moja, akamwangalia mumewe, akachukua tochi. "Nikumulikie wapi?"

Kuharibu, kumbe, ni ufundi. Bomba lililolegea ovyo ovyo hugonga ovyo ovyo. Alitoboa sailensa tundu moja, mama akasema dirishani, "Hilo ni trekta." Akaziba nusu. Gia ya zamani alikuwa ameitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, akaitafuta siku nzima akiwa ameingia mpaka kiunoni, akairudisha na meno yake mabovu. Injini ndiyo iliyomtoa jasho. Alibadili plagi, akaweka zisizo zake, akapandisha mwendo wa injini, akajaribu mafuta hafifu. Lilikohoa mara moja. Akajaribu tena, likakohoa mara saba, kinyozi akaomba litafutiwe daktari.

Kila jioni alikuja kwa kona ya tangi, na kila jioni mama alikaa dirishani, sikio nje. Sasa mkaguzi alikuwa yeye.

"Honi ya baba yako ilikuwa na mafua. Hiyo ina pepopunda. Tengeneza, urudi."

"Mama, mimi naharibu, sitengenezi."

"Basi haribu vizuri."

Kuna namba moja tu aliyokataa kuigusa, ya kwanza kabisa kwenye fomu. "Breki hapana," alisema. "Nitapita lango kwa mguu wangu mwenyewe." Akachora mstari wa chokaa ukutani, hatua nne mbele ya nguzo, akajifunza kusimama hapo kizembe, kwa kuburuta, kama mtu ambaye gari limemshinda kidogo. Mtu huyu, aliyefelisha watu kwa kuchelewa kukanyaga breki!

Simu ya dada Jumapili hiyo haikuuliza gari. Ilisema, "Kaka, mapigo ya mama juzi hayakunipendeza. Wiki hii, tafadhali. Kwa Kobe au kwa chochote." Naye akajibu, "Namba sita. Limebaki la kukohoa."

Alhamisi, saa kumi na moja, hatukukusanyika. Tulikuwa tumeshazoea kushindwa. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja nusu, mkewe Bwana Kasoro alikuwa jikoni na birika, mama dirishani na kiatu kimoja mguuni.

Kwenye kona, gia ikalia.

Mashine ya kinyozi ikasimama juu ya kichwa cha mteja. Kang'! kwenye mfuniko wa mtaro. Honi ikatoa sauti yake ya mafua, mara mbili fupi, na mimi mtu mzima nilijikuta nimetoka kibarazani na mkono umeinuliwa, nasubiri kuhesabu.

Mama alikuwa ameshasimama.

"Mkwe," akasema, sauti imekuwa ya mtu mwingine, ya mwanamke mwenye mambo ya kufanya. "Mimina chai."

Kobe akapita lango, akaburuta, akasimama. Mlio wa ufunguo kutoka. Na injini, imezimwa, haikukubali: kuh, kuh, kuh. Mtaa mzima, wenye mvi na vitambi, tulihesabu kwa sauti. Tatu. Kimya.

Mama alitoka bila fimbo. Nguzo. Moja, mbili, tatu, nne. Mkono ukanyooka ukakuta kitasa, ukainua mlango kwanza kabla ya kuuvuta, maana namba kumi na moja inasema ndivyo unavyofunguka. Akakaa. Akapitisha kiganja juu ya dashibodi, mpaka kwenye kile kisanduku cha majivu, akakifungua, akasikia skrubu zinavyocheza ndani. Mwanawe alikuwa amezirudisha zote.

Hakulia. Alikaza mkoba mapajani, akanyoosha shingo, kama mtu anayejua anapelekwa sinema.

"Leteni sanduku langu," akasema. "Na chai mpeni dereva, tusichelewe."

Bwana Kasoro akanywa chai amesimama, kikombe cha baba yake. Sisi tulikuwa tumelizunguka gari. Kinyozi alishindwa kuvumilia. Alitoa nje kiti chake kile cha skrubu mbili, akapanda juu yake, kitambaa cha kunyolea begani, mteja nusu kichwa nyuma yake, akatangaza kwa sauti ya kuapisha mawaziri:

"Ndugu wananchi! Leo mtoto amemrudisha baba yake nyumbani! Mkaguzi, mbele ya mashahidi hawa wote, baada ya miaka ishirini na sita, sema neno moja kuhusu gari hili!"

Bwana Kasoro akalizunguka Kobe taratibu, macho mekundu, mkono ukienda wenyewe nyuma ya sikio kutafuta kalamu. Akaipiga teke bampa. Ikacheza.

"Lisingepita," akasema, akaingia kwenye usukani.